Gari Lililomkataa Lavonne

Lavonne Zastrow hakuwahi kulewa tangu azaliwe, na kama kulikuwa na mtu pale Neuhof asiyelijua hilo, basi alikuwa mgeni aliyehamia wiki hiyo na Lavonne hajapata nafasi ya kumwambia. Bia hakuigusa. Brandi, ambayo kwa watu wa Wisconsin ni kama chai, aliitia kwenye keki ya Krismasi tu, tena akiwa amegeuza uso pembeni. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kupuliza kidude cha kupima pombe kila asubuhi ili gari lake liwake, alipuliza kwa fahari kama mpiga tarumbeta wa jeshi. Kidude kikamkubali, naye akamtazama mumewe kwa jicho la pembeni kabla ya kuondoa gari.

Maana kidude kile kililetwa na mumewe, Delmar.

Ijumaa moja ya vuli, mwezi Oktoba, walikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye mkahawa wa kando ya ziwa, kama kila mtu wa pale anavyofanya Ijumaa. Delmar akanywa brandi yenye cheri ndani, akaongeza nyingine, akakutana na mtu aliyesoma naye, wakaongeza kwa heshima ya shule. Wakati wa kuondoka Lavonne aliomba funguo. Delmar akamwambia njia ile anaijua hata akiwa usingizini. Walipofika karibu na shamba la akina Bublitz, gari liliacha barabara, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Hakufa mtu. Lavonne alivunjika mfupa wa bega, na samaki waliokuwa wamefungashiwa wakamwagika kichwani mwake pamoja na kachumbari ya kabichi.

Ile kabichi ndiyo iliyopata umaarufu. Delmar aliisimulia kila mahali, na kila aliposimulia alitia chumvi: mara kabichi ilikuwa sikioni, mara polisi alidhani ni ubongo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na Lavonne akacheka nao. Lakini siku aliyotoka hospitali alimwambia mumewe, wakiwa wawili tu jikoni, kwamba maadamu yu hai hatakaa tena kwenye gari linaloendeshwa na yeye. Delmar alitikisa kichwa kukubali. Alidhani ni hasira, na hasira huisha. Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu, na Lavonne aliionea haya kuliko vile angeonea haya pombe.

Leseni ya Delmar ilichukuliwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kukamulia ng'ombe, na ng'ombe hawajui habari za mahakama, kwa hiyo miezi yote ile Lavonne ndiye aliyemzungusha mashambani. Alikaa garini akifuma soksi, mumewe akiwa zizini amelala chini ya mipira na mabomba. Alilalamika kwa kila mtu kwamba amekuwa dereva wa bwana mkubwa. Moyoni aliupenda mpango huo, kwa kuwa usukani ulikuwa mikononi mwake.

Muda wa kurudishiwa leseni ulipokaribia, walikwenda kwa Ardith Giese. Ardith alikuwa wakala wa bima, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnadani, rafiki wa Lavonne tangu shule ya Jumapili. Kampuni yao ya zamani ilikuwa imewatupa nje mara tu iliposikia habari ya mtaro, na Ardith alikuwa ametafuta nyingine, ya wale wanaokubali madereva wa hatari.

"Karibu, mheshimiwa hatari," Ardith alisema, akimvutia Delmar kiti. "Nimekuweka kundi moja na vijana wanaoshindana barabarani. Unajisikiaje, umerudi ujana?"

"Ardith, niambie tu nifanye nini."

"Sikiliza basi, na usinirukie hatua. Kwanza bima. Kampuni inapeleka cheti kwa watu wa leseni kuwaambia kwamba umekatiwa bima na wao wanakuangalia. Pili kidude cha kupima pumzi, kifungwe na fundi, naye atoe uthibitisho. Tatu ndiyo leseni. Bima ikikatika hata siku moja, kampuni inakusema, leseni inaondoka, unaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Nitafungiwa kidude kwenye pikapu yangu, basi."

Ardith akavua miwani. "Jaji alisema kila gari lenye jina lako. Haya, niambie, yenye jina lako ni mangapi?"

Hapo Delmar akakohoa. Kwa akina Zastrow, tangu babu wa babu aliyetoka Ujerumani na jembe begani, kila kitu chenye magurudumu kiliandikwa jina la mwanamume wa nyumba. Ilikuwapo pikapu ya kazi. Lilikuwapo gari la kusukumia theluji. Lilikuwapo lori bovu la marehemu baba yake, nyuma ya banda, ambalo mche wa mti ulikuwa umeota ndani ya injini na sasa umepita kimo cha mtu. Na lilikuwapo gari dogo la bluu la Lavonne, ambalo Lavonne alilichagua, akalilipia kwa mshahara wake wa maktaba, na kulibandika jina la utani. Kwenye kadi ya gari lilikuwa la Delmar.

"Lori la marehemu uza chuma chakavu," Ardith alisema. "Fundi hawezi kumfungia mti kidude. Gari la theluji mpe mdogo wako. Linabaki la bluu. Ukiliandika jina la Lavonne, mimi nalitoa kwenye bima yako, naandika upya, cheti kinapelekwa tena, leseni inachelewa kidogo. Usipoliandika, bibi huyu mcha Mungu atapuliza kila akitaka kwenda dukani."

Lavonne alimtazama mumewe. Hakuhitaji hotuba. Alihitaji maneno mawili tu, *andika lake*, hata leseni ikichelewa mpaka kiangazi. Delmar aliitazama kofia yake iliyokuwa magotini, akaizungusha.

"Wakulima wananisubiri," alisema. "Na baba yangu..."

"Nitapuliza," Lavonne alisema. "Mimi sina cha kuogopa. Pumzi yangu ni ya mtoto mchanga."

Ardith alitaka kusema neno, kisha akaona uso wa rafiki yake, akavaa miwani, akaandika.

Basi vidude vikafungwa, kimoja kwenye pikapu, kimoja kwenye gari la bluu, kila kimoja na kamera yake ndogo ya kumpiga picha anayepuliza. Leseni ikaja. Delmar akawa anakwenda mashambani peke yake na pikapu yake. Walipotoka pamoja, Lavonne ndiye aliyeendesha lile la bluu, na Delmar akakaa kiti cha abiria, bakuli la chakula cha kanisani likiwa mapajani mwake. Hilo hawakulizungumza. Walichozungumza ni kidude. Lavonne alikigeuza fimbo ya kumchapia mumewe kila asubuhi, kwa upole lakini bila kukosa siku.

"Umeona? Kimenikubali mara moja. Chako leo kilisitasita?"

"Hakikusitasita, Mama."

"Mimi nilisikia kama kilisitasita. Labda kinakukumbuka."

Delmar aliyabeba yote hayo kimya. Klabuni hakuonekana tena, na Ijumaa samaki waliliwa nyumbani, wa kwenye barafu, wakavu kama ubao. Lavonne aliona, lakini kuona si kuamini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na yeye alishtuka kila mumewe alipookota funguo mezani.

Sasa ikaja Jumapili moja ya mwezi Machi, zamu ya Lavonne ya kutunza madhabahu. Wanawake wa zamu ndio huandaa meza ya Chakula cha Bwana na kuosha vikombe baada ya ibada. Kazi ni nyepesi, ila ina sharti moja: divai iliyobarikiwa haimwagwi kwenye sinki ikachanganyika na maji machafu. Hurudishwa ardhini. Lakini Machi kule Neuhof ardhi ni jiwe, na juu yake kuna theluji. Mwaka mmoja mama mmoja aliimwaga pale nje ya mlango wa nyuma, na watoto wa shule ya Jumapili walipouona wekundu ule kwenye theluji walilia wakidhani mchungaji amechinja mtu. Tangu hapo, majira ya baridi, divai inayobaki hunywewa na wa zamu.

Kwa kawaida ni funda moja la wanawake wawili. Jumapili ile dhoruba ilikuwa imetangazwa, nusu ya watu hawakuja, mwenzake Lavonne alikuwa kitandani na mafua, na Mchungaji Tesch, ambaye ni kijana na mwenye imani kubwa, alikuwa amejaza mtungi kana kwamba ni Pasaka. Lavonne akasimama peke yake kwenye kile chumba kidogo, akaomba, akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Hakuona ajabu yoyote. Kwake ile haikuwa pombe, ilikuwa sakramenti, na sakramenti haina uhusiano wowote na vidude vya serikali. Akaosha vikombe, akavaa kofia yake ya kijani, akatoka. Aliona leo kuna joto zuri kuliko alivyotarajia.

Delmar alikuwa tayari kwenye kiti cha abiria na bakuli lake. Lavonne akashika kidude, akapuliza.

Kidude kikalia kwa hasira. Taa nyekundu. Kikaandika kwamba umefeli, subiri.

Wote wawili wakakitazama. Delmar akageuza uso dirishani, akaanza kuchunguza ukuta wa kanisa kwa makini sana.

"Kimeharibika," Lavonne alisema.

"Huenda."

"Ni baridi."

"Asubuhi kulikuwa na baridi zaidi, na kilikukubali."

"Delmar."

"Nimesema huenda, Mama."

Wakasubiri. Lavonne akapuliza tena, safari hii taratibu, kwa adabu. Kidude kikalia tena, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye dirisha la ukumbi, ambako washirika walikuwa wamesimama na vikombe vya kahawa. Nyuso zikasogea kwenye kioo. Mlango ukafunguka na Ardith akatoka mbio, koti halijafungwa, akagonga dirisha la gari. Lavonne akalishusha kidogo. Ardith akaingiza pua.

"Shoga, umekunywa?"

"Nimesafisha vikombe."

"Umevisafisha kwa nini, kwa ulimi?"

Kidogokidogo likamwingia Lavonne, na lilipomwingia lote, uso ukamwiva mpaka masikioni. Ardith akaegemea gari akacheka mpaka akafuta machozi kwa mwisho wa skafu.

"Ee Bwana nihurumie. Unajua kina kamera hicho? Picha yako na hiyo kofia imeshakwenda. Kesho mtu wa kaunti ananipigia simu, na kampuni ya bima baada yake. Nitawaambiaje? Kwamba mzee ameacha, ila mama ndiyo kwanza ameanza?"

"Waambie ni divai ya Bwana."

"Nitawaambia, na mchungaji nitampa simu aape. Mkuki kwa nguruwe, shoga yangu. Miezi hii yote umemchoma nao huyu bwana, leo umekupata wewe."

Lavonne aliinamisha kichwa. Angependa ardhi ipasuke, lakini nayo ilikuwa imeganda. Kisha akakumbuka jambo, akamgeukia mumewe kwa haraka. "Na wewe ulishiriki. Hata wewe ukipuliza kitakataa, na yote mawili yataandikwa juu yako."

"Mimi kitanikubali," Delmar alisema. "Nilichukua kile cheupe."

Katikati ya sinia ya vikombe vidogo kuna duara la vikombe vyenye maji ya zabibu nyeupe, ya watoto na wajawazito. Kila mtu anayepiga magoti pale mbele huona nani amenyoosha mkono katikati.

"Leo?"

"Tangu Oktoba."

"Hukuniambia."

"Ungenicheka," Delmar alisema, bila chuki yoyote. "Kikombe cha watoto."

Ni kweli angemcheka. Angemcheka mpaka Krismasi. Lavonne akaitazama mikono ya mumewe juu ya lile bakuli, mikono mikubwa yenye mafuta ya mashine yasiyotoka, akaiona ikinyooshwa Jumapili baada ya Jumapili katikati ya sinia, kati ya vidole vya watoto, mbele ya watu waliocheka hadithi ya kabichi.

Ardith alikuwa ameacha kucheka. Yeye pekee, nje ya nyumba ile, alikuwa ameshafahamu ni nani huendesha na nani huendeshwa, na kwa nini.

"Panda kwangu, Lavonne," alisema. "Napita kwenu. Delmar alete gari nyuma yetu."

"Nenda naye, Mama," Delmar akasema. "Mimi nitakuja taratibu. Usijilazimishe kwa sababu watu wanatazama."

Lavonne akafungua mlango, akashuka. Baridi ikampiga usoni. Bega lilimuuma pale pale linapomuuma siku zote. Gari la Ardith lilikuwa upande wa pili wa lao, linanguruma, ameshaliwasha kwa rimoti. Akaanza kuzunguka mbele ya gari lake, mkono ukiteleza juu ya boneti la bluu, na wale wa dirishani wakadhani anaelekea kwa Ardith. Akapita, akafika upande wa abiria, akaufungua mlango.

"Hama basi," alimwambia mumewe. "Au unataka nikae juu ya bakuli?"

Delmar alihama. Alipuliza. Taa ya kijani ikawaka na gari likakubali. Dirishani mtu mmoja akapiga makofi, mwingine akamzuia.

Walikwenda mwendo wa jeneza. Lavonne alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na mguu wake ulikanyaga breki ambayo upande wake haikuwapo. Kila kona alifumba macho, kila gari lililokuja mbele alivuta pumzi. Divai ilikuwa imemlegeza ulimi lakini hofu haikulegea hata kidogo. Delmar hakugeuka kumtazama. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, kama anayeendesha mara ya kwanza.

Karibu na shamba la akina Bublitz, kidude kikalia. Kina tabia hiyo: ukiwa njiani kinakudai upulize tena, kisije kikadanganywa. Delmar angeweza kupuliza huku akienda, sheria inaruhusu. Akawasha taa ya pembeni, akasogeza gari kando, akalisimamisha kabisa. Akapuliza, kikakubali. Lakini hakuondoka. Hatua chache mbele yao mtaro ulikuwa umejaa theluji, umekuwa laini kama kitanda kilichotandikwa.

"Niliomba funguo," Lavonne alisema.

"Uliomba."

"Mara mbili."

"Mara tatu. Mara ya tatu nilicheka," Delmar alisema. "Wewe ya tatu huikumbuki kwa sababu nilikuwa nimeshageuka."

"Mimi naogopa, Delmar. Si hasira. Ulidhani nimekasirika. Naogopa sasa hivi, hapa nilipokaa."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekuwa unawachekesha watu na kabichi."

Delmar akazima gari. Nje upepo ulikuwa ukisukuma theluji barabarani. Alipozungumza alikuwa anautazama ule mtaro.

"Nawasimulia kabichi kwa sababu nikianza mwanzo siwezi kumaliza. Gari lilipolala nilikuita. Hukuitika. Nikakuita tena. Palikuwa na giza, mkanda umenibana, nikawa nakupapasa, nikagusa uso wako, ukawa umelowa, nikajua ni damu. Nilikaa hapo, Lavonne. Sijui ni muda gani. Nilikaa nikijua nimekuua. Nikawa nawaza nitamwambiaje binti yetu. Kisha ukasema, 'Delmar, nina kabichi sikioni.'"

Lavonne hakuwa na kumbukumbu ya kuzimia. Hakuna aliyemwambia. Katika kumbukumbu yake gari lilianguka na papo hapo akasema lile neno, na katikati hapakuwa na kitu. Kumbe palikuwa na mtu, peke yake, gizani, na alikuwa bado hajatoka humo.

"Ndiyo sababu naipenda ile kabichi," Delmar alisema. "Nisamehe. Nilitakiwa kukuomba siku ile jikoni. Nilitikisa kichwa tu kama ng'ombe."

Lavonne alilia, na katikati ya kulia kicheko kikamponyoka, maana hata pua yake mwenyewe iliisikia divai. Akatoa leso, akajifuta, kisha akampa yeye.

"Hiyo ndefu usiwasimulie watu," alisema. "Hiyo ni yangu."

"Ni yako."

"Haya, washa. Nyama iko kwenye tanuri. Na uende taratibu."

Delmar akapuliza, kikakubali, akawasha. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akatazama nyuma tena, ndipo akaingia barabarani. Lavonne aliendelea kukanyaga ile breki isiyokuwapo mpaka langoni kwao, na mara mbili alimwambia apunguze mwendo ingawa mwendo haukuwapo. Lakini macho, tangu pale kwa akina Bublitz, hakuyafumba tena.